Dresa Aliyesoma Mkojo kwa Macho

Dresa wetu alikuwa na hankachifu moja kwa wiki nzima. Jumatatu aliingia nayo kazini ikiwa nyeupe, imepigwa pasi na kukunjwa pembe nne na mkewe. Kufika Alhamisi ilikuwa imeshafuta shingo yake, pua yake, midomo yake baada ya chai, na kile kipimajoto alichokitoa kwapani mwa mgonjwa mmoja na kukichomeka kwapani mwa mwingine. Nilifanya kazi chini yake miaka minane, nikifagia, nikichota maji na kuosha chupa, na mpaka leo nikimwona mwanamume akitoa hankachifu mfukoni nageuza uso.

Watu wa rika langu humtaja kwa heshima. Wanasema alikuwa mkali lakini kazi aliijua. Mimi nasema aliijua nusu, na ile nusu asiyoijua ndiyo aliyoifanya kwa sauti kubwa. Nitajaribu kumweleza kwa haki.

Zahanati yetu ilikuwa chini kidogo ya mgongo wa Manga, jengo la mawe lenye paa la mabati, chumba kimoja cha Dresa, stoo moja, na veranda yenye benchi refu la wagonjwa. Asubuhi ikiwa haina ukungu ungeweza kusimama pale uani ukaona nchi inavyoteremka mpaka ziwani, mbali kule, maji yakimetameta. Dresa alipenda kusimama hapo na kikombe chake kabla hajafungua mlango. Alikuwa amejifunzia kazi kule chini, upande wa ziwa, enzi za wakoloni, na alipazungumzia mahali pale kama watu wengine wanavyozungumzia Ulaya.

Hakuwa daktari. Dresa maana yake ni mtu wa kufunga vidonda, na katika vidonda simnyimi sifa. Bandeji yake ilikaa mguuni kama soksi. Mikono aliiosha mpaka kwenye viwiko, akiisugua kwa sabuni ya kipande hadi kucha zikawa nyeupe, halafu akaipangusa kwa hankachifu ile ile. Kuna mama mmoja aliteleza na gunia la pareto karibu na Birongo akavunjika mguu, na Dresa alitembea kwa miguu kwenye mvua ya kutwa nzima akaenda kumfunga vibao. Mama yule anatembea vizuri hadi leo. Basi ukinisikia nikimsema, ujue na hilo ninalijua.

Lakini alikuwa mchafu kwa namna ambayo sijaona kwa mtu mwingine. Kwenye rafu ya chupa za mkojo ndiko alikoweka chakula chake cha mchana, ndizi za kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Mkono wa kulia ulishika ndizi, wa kushoto uliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Alitazama, akatafuna, akanusa, akatafuna tena. Sindano alizichemsha, ni kweli, ila kabla ya kuchoma alijaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba chake kuona kama bado ni kali. Nilipomwambia kwamba si ameichafua tena, alinitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama kuku.

"Wewe umesomea ufagio," alisema. "Mimi nimesomea damu."

Kingine alichojivunia ni Kiswahili. Sote tulikuwa Wakisii, yeye na mimi na kila aliyekaa kwenye lile benchi, na nyumbani hakuna aliyezungumza lugha nyingine. Yeye akivaa lile koti lake la kaki basi Ekegusii, lugha yetu, kimekwisha. Bikizee ambaye hajawahi kutoka kijijini aliulizwa kwa Kiswahili anaumwa wapi, akakaa kimya, na Dresa akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa hana malalamiko. Mimi ndiye niliyeacha ndoo yangu nikaja kutafsiri. Alisema hapa ni ofisi ya serikali, na serikali haikuzaliwa Manga.

Juu ya mkojo alikuwa na msemo wake mwenyewe, ambao watoto wa jirani walikuwa wakimwigiza nao njiani. "Mkojo haiwezi danganya. Mama ya mtoto ndiye anadanganya." Kwa sababu hiyo hakukubali mkojo wa mtoto uliotoka nyumbani. Watu wazima walileta wao kwenye chupa za soda, za wino, za dawa ya kikohozi, na aliupokea. Mtoto ilibidi akojoe pale pale zahanati. Na mahali pale pa kukojolea ndipo chuki yangu ilipoota mizizi.

Palikuwa na ua wa miti midogo upande wa pili wa kiwanja, umemfikia mtu mzima kiunoni. Mtoto alipewa chupa, akatumwa nyuma ya ua ule, na benchi zima likiwa linatazama. Akimaliza alirudi na chupa yake mkononi, akipita mbele ya wale wote waliokaa pale: baba zake wadogo, wakwe wa mama yake, mwalimu wake, mzee wa kanisa. Sasa anayetujua sisi anajua jambo linaloitwa ensoni. Ni haya, lakini ni zaidi ya haya. Baba na mtoto hawazungumzi habari za mwili. Mtoto akiumwa huko chini humwambia bibi yake, na bibi ndiye anayejua la kufanya. Mbele ya ndugu za baba hata kutaja choo ni aibu. Dresa alilelewa hivyo hivyo kama sisi sote, na alijua vizuri alichokuwa akifanya.

Mzee mmoja aliwahi kumwambia, kwa upole, kwamba ule ua ungepandwa urefu kidogo, au watoto wapelekwe nyuma ya stoo.

"Ensoni wacha nyumbani, mzee," Dresa alimjibu. "Hapa ni serikali."

Kila mtoto akisharudi, Dresa aliinua chupa yake na kutangaza. Hakusema na mama wa mtoto, alisema na benchi. Mkojo ukiwa safi alisema mtoto huyu hana kitu, mama yake anataka kupumzika na jembe. Ukiwa na damu aliuliza swali moja tu: "Ametoka upande gani?" Kama mtoto aliwahi kuteremka kule chini ziwani, basi ni kichocho, achomwe sindano. Kama hajateremka, basi ameanguka kutoka mtini, arudi nyumbani. Na kama ni msichana na hajateremka wala kuanguka, alimuuliza mama yake mbele ya wote kama binti ameanza mapema kuwa mwanamke. Nilimsikia akiuliza hivyo juu ya mtoto wa miaka minane. Mama yule alijifunika uso kwa kanga, na kuna wanaume walicheka.

Kifaa cha kupimia alikuwa nacho, jamani. Ndicho kinachoniudhi. Alikuwa na taa ndogo ya spiriti na vichupa vyembamba vya kioo. Mkojo wa mama mjamzito aliuchemsha juu ya moto ule, akadondosha matone mawili ya dawa kali inayonuka kama siki, na ukigeuka mweupe mweupe alijua kuna hatari. Alifanya hivyo vizuri, kwa makini, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Lakini spiriti ilifungiwa kabatini na ilikuwa ya wajawazito. Wa watoto aliusoma kwa macho. Ndivyo alivyofundishwa kule ziwani, ambako kila mtoto wa kiume aliyekojoa damu kweli alikuwa na kichocho, na wakubwa walimsifu kwa wepesi wake wa kuona. Ile sifa alipanda nayo mlimani kwetu, kwenye baridi, na miaka yote hakuiweka chini.

Nilivumilia haya yote kama mambo ya watu wengine. Nilihitaji kazi. Mume wangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai na alikuja mara mbili kwa mwaka.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Binti yangu Kemunto alikuwa na miaka saba. Msimu wa mvua alishikwa na upele miguuni, akajikuna mpaka ukatunga usaha, na Dresa mwenyewe alimpaka ile dawa ya zambarau. Upele ukaanza kukauka. Likizo ikafika, nikampeleka kwa dada yangu, ambaye mumewe alikuwa karani kule mjini kando ya ziwa. Alikaa siku nne. Aliporudi, kama juma moja baadaye, aliamka asubuhi macho yamevimba. Nilimtania kwamba amelala kupita kiasi. Kisha akaniita kwa sauti ndogo nikaangalie kopo alilokojolea. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya strungi, ile nyeusi isiyo na maziwa.

Nilikwenda naye kazini mkono kwa mkono. Nilimwomba Dresa anipe chupa nimpeleke mtoto stoo. Alikataa. Alisema sheria ni moja, hata kwa mfagizi.

Kwa hiyo mwanangu alikwenda nyuma ya ule ua, na kwenye benchi siku hiyo alikuwepo kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye kwetu ni baba yake kabisa. Kemunto alirudi akiwa ameinamisha kichwa, ameishika chupa kwa mikono miwili, akiificha kifuani. Dresa aliichukua. Aliinua juu.

"Hii ni chai ya rangi!" alisema. "Nani anataka kikombe?"

Benchi likacheka. Shemeji yangu alitazama pembeni, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Nami nilicheka kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa bosi wangu, na uso wangu ulijichekea wenyewe kabla sijaukataza. Kemunto alinitazama.

"Mama Kemunto, hii mtoto yako alienda wapi likizo?"

"Alienda kwa dada yangu, kule ziwani. Siku nne tu."

"Mnaona?" aliliambia benchi. "Mnaona? Kule chini. Amekanyaga maji."

"Hakuingia ziwa, Dresa. Dada yangu anakaa mjini. Wanatumia maji ya mfereji."

"Mtoto anaweza kukuambia ameingia maji? Mtoto na mama yake, wote ni waongo. Kichocho. Ngoja nichemshe sindano."

Alimchoma siku tatu mfululizo, kwenye mshipa wa mkono, dawa ya kichocho iliyomfanya mtoto atapike mpaka nyongo ya kijani. Siku ya pili miguu ilivimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Mkojo ulipungua ukawa vijiko viwili vitatu kwa kutwa. Uso ulijaa mpaka nikashindwa kumtambua mwanangu mwenyewe. Nilimwonyesha Dresa.

"Amenona," alisema. "Dawa inafanya kazi."

"Dresa, nakuomba. Chemsha kidogo tu, kama ile ya mama wajawazito."

"Kwani huyu ana mimba?" Alicheka mpaka akakohoa, akatoa hankachifu akajifuta. "Spiriti ni ya wajawazito. Mkojo ya mtoto nasoma na macho. Nimesoma miaka kumi na nane."

Siku ya nne asubuhi Kemunto alilia kichwa, halafu akaniambia, "Mama, naona wewe ni wawili." Sikwenda kazini kuomba ruhusa. Nilimbeba mgongoni, mtoto wa miaka saba mzito kwa maji, nikateremka naye mpaka barabara kuu, na lori la pareto likatuchukua hadi Kisii.

Katika hospitali ile ya mjini tulipokewa na mganga mmoja Mjaluo, kijana mrefu, mwenye kuvuta maneno taratibu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta pazia. Alimpa Kemunto kopo, akatoka nje ya pazia akatuacha wawili, akageuka akatazama ukutani. Nilitaka kulia kwa kile kitendo peke yake.

Aliuchukua mkojo bila kuuinua wala kutangaza. Aliumimina kwenye kioo chembamba akauchemsha, na mimi nikauona ukiganda mweupe kama ute wa yai. Alifunga kitambaa kidogo kwenye mkono wa mtoto akapima presha, akakunja uso, akapima tena. Tone moja alilitia chini ya darubini, akakaa nalo muda mrefu. Na alikuwa akiuliza maswali wakati wote huo, kwa sauti ya chini.

"Mama, damu inakuja mwisho wa mkojo, au mkojo yote iko hivi tangu mwanzo?"

"Yote. Tangu mwanzo."

"Anaumwa akikojoa?"

"Hapana."

"Koo ilimuuma wiki hizi? Ama alikuwa na vidonda?"

"Upele. Wenye usaha. Kama wiki tatu hivi zilizopita."

Alitikisa kichwa pole pole. Alimwinua Kemunto sketi kidogo akaangalia makovu miguuni. Kisha akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuvimba hivi, au kukojoa damu, au kuwa kiziwi. Hakuna. Akauliza kama mtoto alianguka au kupigwa. Hakuna.

"Nani amesema kichocho?"

Nikamweleza. Nikamweleza na zile sindano tatu. Aliziandika kwenye kadi, moja moja.

"Mimi natoka huko kwenye kichocho, mama. Kwetu hiyo ni ugonjwa ya kila boma. Kichocho haiji kwa siku nne, inachukua wiki nyingi, na damu yake ni nyekundu, inakuja mwisho. Hii ni chai. Hii ni figo. Ile usaha ya upele imeamsha vita ndani ya mwili na figo ndiyo imeumia. Hizo sindano zimemuongezea sumu."

Tulilazwa wiki tatu. Chakula bila chumvi, maji ya kupimiwa, sindano za kuua mabaki ya usaha, dawa za presha. Usiku sikulala, mchana sikula. Siku mkojo ulipoanza kuja mwingi, manesi walishangilia kama tumepata mtoto mpya. Kabla hatujaondoka yule mganga alinikalisha chini. Alisema watoto wengi wa namna hii hupona kabisa. Wachache figo huendelea kuharibika kimyakimya, bila maumivu, mpaka mtu amekuwa mkubwa. "Kwa hivyo mkojo yake ichemshwe kila wiki mpaka itulie. Na ukiona hiyo rangi tena, hata kama ni baada ya mwaka, hata kama anacheza, mlete siku hiyo hiyo. Usingoje."

Niliporudi kazini Dresa hakuuliza mtoto anaendeleaje. Alikuwa ameshawaambia watu kwamba kichocho alikimaliza yeye, mjini walimlisha tu. Nilishika ufagio nikafagia.

Ijumaa aliniachia kufagia akatoka mapema kujitayarisha kwa Sabato, maana alikuwa mzee wa kanisa na Sabato aliishika kweli kweli, hakugusa hata kiberiti. Ufunguo wa kabati aliuacha juu ya mlango, akidhani mimi ni mfupi. Kila Ijumaa alasiri nilipanda juu ya ndoo, nikatoa taa, nikachemsha mkojo wa binti yangu kama nilivyomwona mganga akifanya. Wiki za mwanzo uliganda. Kisha ukawa kama moshi mwembamba. Ilichukua miezi mpaka Ijumaa moja ulipochemka ukabaki maji matupu, na mimi nikaketi pale sakafuni nikalia kwa sauti.

Spiriti ikaonekana imepungua. Dresa hakuniuliza. Alikwenda kanisani akasema mfagizi wake anakunywa spiriti ya serikali, na akina mama wakaniombea mbele ya kusanyiko. Nilisimama pale nikiombewa ulevi, na yeye mstari wa mbele, kichwa chini, akiitikia amina.

Hata hivyo kuna siku moja siwezi kuiacha. Kama mwaka mmoja baadaye kilikuja kitoto cha kiume kutoka Sironga, uso umevimba, na mkojo wake ulikuwa chai ile ile. Dresa aliinua chupa. Alifungua mdomo kutangaza. Kisha alinitazama mimi, nimesimama mlangoni na ndoo. Alishusha chupa, akaandika barua, akampa mama wa mtoto. "Peleka Kisii. Leo." Tangu siku hiyo kila chai ya namna ile aliituma mjini, na sindano hakuigusa. Kwa hiyo alielewa. Alijua kabisa alichomfanyia mwanangu, na miaka yote sita tuliyobaki pamoja hakuniambia neno. Kama angekuwa mjinga tu, ningemsamehe zamani.

Na ua ule hakuuongeza hata shubiri. Watoto waliendelea kupita na chupa zao.

Mara ya mwisho nilimwona miaka ya sabini ikielekea kuisha. Alikuwa amestaafu, na siku za soko alikaa Birongo mbele ya duka moja, kwenye kigoda, suti imemzidi mwili. Mimi na Kemunto tulikuwa tumepeleka ndizi. Binti yangu alikuwa ameolewa upande wa Sironga, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

"Omong'ina!" aliniita, kama tunavyomwita mama mtu mzima. "Huyu si yule wako wa kichocho?"

Nilitaka kupita. Kemunto alisimama.

"Kuja hapa, mwanangu. Niangalie. Unajua ni nani alikuponya?" Alimshika mkono, akawageukia waliokaa pale. "Huyu alikuwa maiti. Mimi nilimchoma sindano tatu, akasimama. Sasa ni mama."

Nilimngoja binti yangu aseme. Alikuwa amesoma, alikuwa na mdomo, alijua habari yote. Alipiga goti kidogo, akampa mikono miwili, akamwita baba kwa lugha yetu.

"Ee, tata. Asante sana."

Nilimkokota kwa kiwiko mpaka tukatoka sokoni. Kikapu kizima cha ndizi kilikuwa bado kichwani mwangu.

"Unamshukuru yule? Yule mchafu? Unajua alikufanya nini?"

"Najua."

"Sasa?"

"Nilitaka aniachilie mkono, Mama."

Tulitembea. Tulipofika mahali ambapo barabara haina watu, alisema bila kunitazama:

"Ile chai ilirudi."

Nilisimama.

"Nikiwa darasa la tano, nilipokuwa na ile mafua mbaya. Siku tatu ikaisha. Halafu tena, nikiwa shule ya upili. Mara mbili hapo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakojoa kwenye migomba, mbali, usione."

"Kemunto. Kwa nini? Nilikuambia tangu mdogo, ukiona ile rangi useme. Nilikuambia mara ngapi?"

"Ungenipeleka kwake."

Nilifungua mdomo kumkatalia. Nikakumbuka kwamba bila barua ya Dresa hospitali ya mjini ilikurudisha, ila uwe mahututi kama yeye siku ile, na kwamba nilikuwa nikifagia pale kwake kila siku iliyotoka kwa Mungu, na kwamba siku ile mbele ya benchi nilicheka. Ningempeleka kwake. Ningemshika mkono, nikampa chupa, nikamwonyesha ua.

"Na sasa?" nilimuuliza. "Na hii mimba? Kliniki wanasema nini?"

"Sijaenda kliniki. Watataka mkojo." Alitazama miguu yake. "Siku hizi huwa siangalii rangi. Namaliza naondoka."

Nami nikatazama miguu yake. Mikanda ya viatu ilikuwa imezama kwenye nyama. Niliinama pale pale barabarani nikaubonyeza mguu wa binti yangu kwa kidole gumba, na nilipokitoa shimo lilibaki.

Nilishusha kikapu nikakiacha kando ya njia, tukageuka kuelekea Kisii.